Kurudi Ofisini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Memo huja Ijumaa jioni: kuanzia tarehe mosi mwezi ujao, kila mtu awe ofisini. Aliye Westlands anahesabu foleni ya magari, aliye Riat kule Kisumu au Kiamunyi kule Nakuru anahesabu kilomita. Majibu haya yameandikiwa huyu wa pili, yaani mtu mwenye mkataba wa ajira nchini Kenya ambaye ofisi yake iko Nairobi na meza yake iko sebuleni. Wa kandarasi wana swali lao chini.

Mwajiri ana haki ya kuniamuru nirudi?

Mara nyingi ndiyo. Ila jibu kamili limo kwenye mkataba wako, na memo haliwezi kulifuta. Toa mkataba kwenye faili, utafute mstari unaotaja mahali pa kazi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri apaandike, au kama unafanyia kazi sehemu mbalimbali, aseme hivyo.

Ukikuta pameandikwa Nairobi, nawe ulirudi Kisumu kwa ruhusa ya muda, mwajiri ana nguvu. Anakurudisha pale mlipokubaliana. Ukikuta pameandikwa Kisumu, au "nyumbani kwa mfanyakazi", mambo yanageuka: hapo anabadilisha mkataba, na kifungu cha 10(5) kinasema mabadiliko ya namna hiyo yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, mkataba urekebishwe, kisha ajulishwe kwa maandishi. Memo la watu mia mbili lililotumwa kwa mpigo si mashauriano.

Kuna sentensi moja inayowanasa wengi, ile ya "au mahali pengine popote mwajiri atakapoelekeza". Ukiiona, usidhani imekumaliza kabisa, maana agizo bado linatakiwa kuwa la haki na la busara. Lakini msingi wako umepungua, na mazungumzo yako yawe ya kuomba zaidi kuliko ya kudai.

Mkataba ukinyamaza, ushahidi unatafutwa kwingine: barua ya kukupa kazi, tangazo la nafasi yenyewe, imeli za meneja, fomu ya kupokea laptopu iliyoandikwa "ya kutumia nyumbani, Nakuru". Hata ujumbe wa WhatsApp una uzito. Uhifadhi nje ya simu ya kazi, kwa sababu simu hiyo siku moja utairudisha.

Tumefanyia kazi nyumbani tangu Machi 2020. Haijawa haki sasa?

Si moja kwa moja. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais akazihimiza ofisi za serikali na kampuni binafsi ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Ile ilikuwa hatua ya dharura, na dharura ikiisha ruhusa yake huisha nayo.

Aliyeajiriwa baada ya hapo, kwa kazi iliyotangazwa kuwa ya mbali, ana hoja tofauti kabisa na yenye nguvu zaidi. Msichanganye hoja hizo mbili kwenye barua moja ya kikundi. Wa hoja dhaifu ataivuta chini hoja ya mwenzake.

Memo limenipa siku saba. Zinatosha?

Sheria haitaji idadi ya siku kwa jambo hili. Siku saba zinamtosha mtu wa Kondele anayerudi ofisi ya Milimani, humo humo Kisumu. Anayehama kutoka Kisumu kwenda Nairobi ana notisi ya nyumba ya mwezi mmoja, amana ya nyumba mpya, na watoto walio katikati ya muhula. Omba tarehe inayoangukia mwisho wa muhula wa shule. Ni ombi ambalo meneja mwenye watoto hulielewa bila kuelezwa mara mbili.

Nikikaa kimya nisiende, itakuwaje?

Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote, nasi tunaliona kila memo linapotoka. Kifungu cha 44 kinahesabu kutofika mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kukataa agizo halali nako kumo humo humo. Unaweza kuwa na haki yote juu ya mahali pa kazi, kisha ukaipoteza kwa kukaa kimya.

Fuata mpangilio huu. Jibu memo kwa maandishi ndani ya siku chache. Usiandike "sitakuja". Andika kwamba umelipokea, kwamba mkataba wako unataja Kisumu, na kwamba unaomba mashauriano kabla ya tarehe iliyowekwa. Endelea na kazi kama kawaida, na uonekane mtandaoni saa zako zote. Kama kuna uwezekano wowote wa kufika tarehe ile, fika, huku ukiandika kwamba umefika bila kukubali mabadiliko ya kudumu. Mtu aliyefika na kulalamika yuko mahali pazuri kuliko aliyelalamika bila kufika.

Ukipewa barua ya kutakiwa kujieleza, ujue kifungu cha 41 kimeanza kufanya kazi. Kabla ya kukuachisha kwa utovu wa nidhamu, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye chumba cha kikao. Hata kufukuzwa papo hapo hakumwondolei mwajiri wajibu wa kukusikiliza. Mchague mwenzako anayeandika haraka. Kazi yake kubwa mle ndani ni kuandika nani alisema nini.

Barua ya kuomba kubaki nyumbani iandikweje?

Ofisi nyingi za hapa huandikiana kwa Kiingereza, nasi hatuna ugomvi na hilo. Kinachohesabika ni yaliyomo. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, nayo ibebe mambo haya.

Kwanza, kazi zako zigawe kwa siku. "Ninafanya kazi vizuri nyumbani" haimsaidii meneja kutetea ombi lako kwa wakubwa wake. "Jumatatu na Jumanne nalinganisha akaunti za matawi, kazi ya peke yangu, Jumatano ni kikao cha timu, Alhamisi nawafundisha wapya wawili" inamsaidia, kwa sababu sasa anaona ni siku gani hasa uwepo wako una maana.

Pili, omba mpangilio mahususi wenye tarehe ya kupimwa. Miezi mitatu ya majaribio hukubalika kwa urahisi kuliko "milele". Taja vipimo viwili au vitatu ambavyo meneja tayari anavipata kwenye ripoti zake, usimbunie vipya.

Tatu, zungumzia jambo analoliogopa kabla hajaliuliza: stima ikipotea utafanyaje, data ya wateja utailindaje, utapatikana saa ngapi.

Acha malalamiko ya foleni na bei ya nyumba Nairobi. Ni kweli tupu, lakini ni shida zako, na barua hii inatatua za kwake.

Niko Nakuru. Siku tatu kwa wiki si zinawezekana tu?

Zinawezekana, ndiyo maana ni hatari: mtu huzianza kwa moyo na mwezi wa tatu amechoka hoi. Umbali ni kama kilomita 160. Siku njema ni saa mbili na nusu hadi tatu, na siku ya foleni Gilgil, Naivasha au Kinungi hakuna ajuaye. Ili uwe mezani saa mbili asubuhi, uko steji kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kisha unashuka Nyamakima na safari ya pili ya kwenda Upper Hill ndiyo kwanza inaanza.

Siku tatu kwa wiki ni siku 13 kwa mwezi. Kwa saa sita barabarani kila siku, hizo ni saa 78, karibu wiki mbili za kazi. Tuseme nauli ni Sh600 kwenda na Sh600 kurudi: Sh15,600. Weka Sh200 za matatu ndani ya Nairobi kila siku, zinakuwa Sh18,200.

Sasa linganisha na bedsita ya Sh9,000, tokeni na maji Sh1,500, na safari nne za kwenda na kurudi, Sh4,800. Jumla Sh15,300, au Sh17,900 ukiweka na matatu zile zile za ndani ya Nairobi. Yaani nyumba ya pili inaweza kuwa rahisi kuliko nauli, na hapo hujauza usingizi wako. Badilisha nambari ziwe zako, ila usiache kuzipiga.

Na Kisumu? Wameniambia siku mbili kila wiki.

Usijadili idadi ya siku. Jadili jinsi zinavyopangwa. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350, saa saba hadi nane kwa basi. Siku mbili kila wiki ni safari nne za kwenda na kurudi kwa mwezi, saa 64 ndani ya basi. Kwa nauli ya mfano ya Sh1,400 kwenda pekee, safari nne ni Sh11,200. Ukienda kwa basi la usiku na kurudi la usiku, unalala Nairobi usiku mmoja kila wiki. Kwa chumba cha Sh1,500 hizo ni Sh6,000. Jumla Sh17,200.

Omba siku hizo hizo nane ziwe mfululizo: unaingia Jumatatu alfajiri, unatoka Jumatano ya wiki inayofuata usiku. Nauli Sh2,800, malazi ya siku tisa Sh13,500, jumla Sh16,300. Pesa karibu ni zile zile. Lakini saa za basi zimeshuka kutoka 64 hadi 16, na mwajiri amepata siku nane za mtu mwenye macho, si nane za mtu aliyelala ameinamisha shingo kuanzia Kericho. Ukiwa na binamu wa kukulaza Donholm, hesabu inaanguka zaidi. Panga wiki hiyo iangukie kufunga hesabu za mwezi au kikao cha bodi, nao wataona faida bila kushawishiwa.

Nauli ni ya nani, yangu au ya kampuni?

Turudi kwenye mstari ule ule wa mkataba. Kama mahali pako pa kazi ni Kisumu, safari ya Nairobi ni ya kikazi: nauli, malazi na posho ya siku ni vya kampuni. Tangu tarehe 1 Julai 2025, posho ya siku ya mfanyakazi aliye nje ya kituo chake kikazi haikatwi kodi hadi Sh10,000 kwa siku. Kama mahali pa kazi ni Nairobi, unakwenda kazini kama mtu wa Rongai, pembezoni mwa Nairobi, na nauli ni yako.

Kwa hiyo usikubali kusaini "marekebisho madogo" ya mkataba yanayobadilisha neno Kisumu kuwa Nairobi eti ni ya kuweka faili sawa. Neno hilo lina bei, na sasa umeiona.

Wamenipa posho ya usafiri ya Sh10,000. Nishukuru?

Shukuru, kisha piga hesabu. Posho ya pesa taslimu inayolipwa pamoja na mshahara ni kipato na hukatwa. SHIF, mchango wa bima ya afya, ni asilimia 2.75, Sh275. Ushuru wa Nyumba ni asilimia 1.5, Sh150. Kinachobaki ni Sh9,575, na kama mshahara wako unaotozwa kodi umeshapita Sh32,333 kwa mwezi, PAYE yake, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ni asilimia 30: Sh2,872.50. Mkononi unapata Sh6,702.50, tukichukulia kwamba mchango wako wa NSSF, ule wa akiba ya uzeeni, umeshafika ukomo. Kampuni ikiwalipia watu malazi ya siku chache badala ya kulipa posho, au ikiweka gari la wafanyakazi, huenda ukafaidi zaidi. Gari la kampuni lina jambo jingine: ajali ukiwa ndani yake ukienda au ukitoka kazini inahesabiwa kuwa ajali ya kazini chini ya sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007. Matatu uliyojilipia haikupi kinga hiyo.

Meneja anasema stima na intaneti za huku haziaminiki. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno, maana ana hoja. Mvua ya alasiri Kisumu haimpigii mtu hodi. Mjibu kwa vifaa na daftari.

Faiba ya nyumbani, yaani intaneti ya waya, mara nyingi haizimiki stima ikipotea mtaani, kwa kuwa waya wenyewe hauhitaji umeme njiani. Kinachozimika ni visanduku vyako: cha faiba na ruta, pamoja kama wati 15 hadi 25. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inavibeba kwa saa kadhaa. Soma volti chini ya kila kisanduku kabla ya kuchomeka. UPS nyingi zina matundu ya 9V na 12V, na ruta ya 9V ikichomekwa kwenye 12V inaweza kuungua.

Ukitaka siku nzima, betri ya 12V ya 100Ah na inveta ya kugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, ukiizoesha hivyo itakufa mapema. Nusu ni 600. Toa kinacholiwa na inveta, ubaki na kama 510. Laptopu na ruta zikila wati 70, unapata saa saba na ushei. Kosa la kawaida ni kuongeza feni na televisheni, halafu betri inalaumiwa.

Mtandao wa pili uwe wa kampuni nyingine ya simu, si bando la pili la kampuni ile ile. Kikao cha video kwa saa kinaweza kumaliza gigabaiti moja au zaidi, basi nunua ukijua. Ukizimikiwa, zima video kwanza kabla ya kitu kingine.

Halafu daftari: tarehe, saa stima ilipopotea, dakika ulizokuwa nje ya mtandao. Andika dakika zako, si za Kenya Power. Miezi miwili ya daftari lenye "stima ilipotea saa 3 asubuhi, nje ya mtandao dakika 4" hufanya kazi ambayo barua kumi haziwezi.

Utafiti unasema nani ana haki?

Pande zote mbili zina la kushika, kutegemea kazi. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Trip.com, China, lenye wafanyakazi 1,612. Waliokaa nyumbani siku mbili kwa wiki hawakupungua utendaji wala nafasi ya kupandishwa vyeo, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea mwajiri, lakini isome vizuri: inazungumzia siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Haisemi lolote juu ya mtu asiyefika kabisa.

Upande wa pili, utafiti juu ya waandishi wa programu za kompyuta umeonyesha kwamba wanaokaa karibu na wenzao hupata maoni mengi zaidi juu ya kazi yao, na wanaonufaika sana ni wageni kazini. Tunaliamini hili. Kijana wa mwezi wa pili kazini aliye peke yake Bungoma hujifunza polepole, na aibu ya kuuliza kwa kuandika ni kubwa kuliko ya kuuliza kwa kugeuza kiti. Kama uko kipindi cha majaribio, jitahidi kwenda, hata kama hujalazimishwa.

Mbona hata Amazon wamewarudisha watu siku tano?

Ni kweli, kuanzia tarehe 2 Januari 2025. Lakini sera ya Amazon si sheria ya Kenya, na mwajiri wako sidhani kama analipa kama Amazon.

Ninanyonyesha. Je, kuna chochote kwangu?

Kipo. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia maziwa kazini, na wakupe muda wake mbali na ule wa chakula, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, ukihesabiwa kuwa muda uliofanya kazi. Choo hakihesabiki kuwa mahali hapo. Uliza kwa maandishi chumba kiko ghorofa gani na friji iko wapi. Mara nyingi swali hili peke yake hufungua mazungumzo ya kukuongezea miezi ya nyumbani, kwa kuwa chumba chenyewe bado hakijajengwa.

Mwenye ulemavu naye asianze na memo. Aanze na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinachokataza ubaguzi, aambatishe barua ya daktari, na aeleze marekebisho anayohitaji. Kufanyia kazi nyumbani ni rekebisho mojawapo.

Wanaweka programu ya kunifuatilia nikibaki nyumbani. Inaruhusiwa?

Si bila kukuambia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ujulishwe data gani inachukuliwa na kwa sababu gani. Kuhesabu muda wa kuingia kwenye mfumo wa kazi ni jambo moja, kupiga picha kwa kamera ya laptopu sebuleni penye watoto ni jambo jingine.

Mimi ni wa kandarasi, nalipwa kwa ankara.

Basi Sheria ya Ajira haikuhusu, soma makubaliano yako. Ila kama una saa maalumu, unaomba likizo, unapewa vifaa na bosi ni mmoja miaka yote, jina "kandarasi" huenda halina maana mbele ya jaji. Muone wakili kabla ya kuondoka.

Tawi la Kisumu linafungwa na wote tunaambiwa tuhamie Nairobi au tuondoke.

Hapo huenda suala si kurudi ofisini tena, ni kupunguzwa kazi, na kifungu cha 40 kina masharti yake: notisi ya angalau mwezi kwako na kwa afisa wa leba, likizo zilizobaki zilipwe, na malipo ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Mwenye miaka sita anazungumzia siku 90. Ukiandika barua ya kujiuzulu kwa hasira, umeziacha mezani.

Nimeshaachishwa. Niende wapi?

Ofisi ya leba ya kaunti, ndani ya miezi mitatu tangu uachishwe. Hulipi. Beba mkataba, memo, majibu yako, barua ya kuachishwa, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho na kitambulisho, kila kitu nakala mbili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ina vituo Kisumu na Nakuru, hivyo huhitaji kusafiri Nairobi kumshtaki mtu aliyekufuta kwa kutosafiri Nairobi. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na wengi hupewa chini ya hapo. Nenda asubuhi, na uchapishe zile jumbe za WhatsApp zikiwa na tarehe na namba zinazoonekana.